Klachi na gia za Datsun 240Z: pima kabla hujashusha giaboksi

Gari lililetwa juu ya lori. Datsun 240Z ya 1972, rangi ya chungwa, usukani kulia, boneti refu limeng'arishwa mpaka unajiona uso. Mwenyewe, mzee mmoja mstaarabu ambaye amekaa na gari hilo tangu ujana wake, alishuka pole pole kutoka kwenye lori. Nikampa shikamoo yake, akaitika, halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Mwanangu, giaboksi imeshushwa mara mbili ndani ya miezi mitatu. Wameweka klachi pleti mpya, presha pleti mpya, beringi mpya. Gia ya kwanza bado inagoma, na rivasi inalia kama msumeno."

Sikuita jeki. Nililala chali miguuni pa dereva, kichwa chini ya dashibodi, tochi mdomoni, nikaisukuma pedeli ya klachi kwa kiganja. Ilitembea karibu sentimita mbili kabla rodi ya masta (silinda ya juu ya mafuta ya klachi) haijatikisika. Nikachomoa pini inayounganisha pedeli na rodi hiyo. Ilikuwa imeliwa katikati mpaka ikafanya kiuno, na tundu lake kwenye pedeli, ambalo lilitakiwa kuwa duara, lilikuwa na umbo la yai. Tulilijaza tundu kwa kuchomelea, tukalitoboa upya, tukaweka pini mpya. Jioni ile ile gia zote ziliingia, na mzee akaliendesha gari lake mwenyewe kurudi nyumbani.

Mafundi waliolishusha giaboksi mara mbili hawakuwa wezi. Walianzia mwisho tu. Kwa magari haya ya zamani, ugonjwa wa klachi mara nyingi uko nje ya giaboksi: kwenye pini, kwenye masta, kwenye mafuta, kwenye bushi ya mkono wa gia. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye unyayo wa dereva na kusogea kuelekea injini, kituo kwa kituo, na unaifikia kazi ya kushusha giaboksi mwisho kabisa.

Na gari hili linastahili fundi mvumilivu. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za East African Safari za 1971 wakiwa na 240Z. Shekhar Mehta, aliyeshika nafasi ya pili mwaka huo, akaja kushinda mwenyewe mwaka 1973 akiwa na Lofty Drews, tena kwa 240Z. Gari lililomaliza matope na mawe ya Safari haligomi kuingia gia ya kwanza bila sababu ya kuonekana kwa macho.

Nguvu ya mguu inapita wapi

Lazima uwe na picha hii kichwani kabla ya kushika spana. Ukikanyaga pedeli, pini husukuma rodi ya masta iliyofungwa kwenye bati linalotenganisha injini na kabini. Masta hiyo ina kikopo chake kidogo cha mafuta, mbali na vile vya breki. Mafuta hupita kwenye paipu na hosi hadi slevu, ile silinda ndogo iliyoko ubavuni mwa giaboksi. Slevu husukuma foku, yaani uma wa chuma, foku husukuma rilizi beringi, beringi huzibana ncha za presha pleti, na hapo klachi pleti huachiwa huru.

Kila kiungo kwenye mnyororo huo kinaweza kuiba milimita moja au mbili. Viungo vitatu vikiiba kidogo kidogo, klachi haiachii, na hapo kila mtu anaanza kuilaumu giaboksi.

Hatua ya 1: Jua gari linalalamika nini hasa

"Klachi mbovu" si jibu. Kuna magonjwa matano tofauti, na kila moja lina njia yake.

Klachi haiachii: gia hugoma au hukwaruza injini ikiwa inawaka, hasa ya kwanza na rivasi. Klachi inateleza: mshale wa mizunguko unapanda lakini gari halisogei kwa kasi hiyo. Gari linatetemeka wakati wa kuondoka. Kuna kelele inayobadilika ukikanyaga au kuachia pedeli. Na mwisho, gia zenyewe: mkono umelegea, gia moja inalia peke yake, au gia inachomoka ukiwa njiani.

Keti na mwenye gari umuulize. Linafanya hivyo likiwa la baridi au likishapata moto? Limeanza ghafla au pole pole? Lilikaa muda gani bila kuwashwa? Kikopo cha mafuta ya klachi kimeongezwa lini? Swali hilo la mwisho limeniokolea siku nzima za kazi. Mafuta ya klachi hayanywewi na injini. Yakipungua kuna mahali yanavuja.

Hatua ya 2: Jaribu gia injini ikiwa imezimwa

Hiki ni kipimo cha nusu dakika na ndicho kinachoamua uelekee wapi. Gari likiwa limesimama sehemu tambarare, injini imezimwa, kanyaga klachi upitishe gia zote, moja baada ya nyingine. Pale gia inapogusa meno na kukataa, lisukume gari kidogo mbele au nyuma halafu ujaribu tena.

Kama zote zinaingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa, na zinagoma ikiwaka, tatizo ni klachi isiyoachia. Nenda hatua ya 3.

Kama zinagoma hata injini ikiwa imezimwa, klachi haina kosa. Ruka mpaka sehemu ya mkono wa gia.

Hatua ya 3: Jaribio la rivasi

Rivasi ya gari hili haina sinkronaiza, yaani kile kifaa kinacholinganisha mizunguko ya gia kabla meno hayajakutana, kwa hiyo haina uwezo wa kuficha ukweli. Washa injini, iache ipate moto mpaka sailensa, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, itulie. Ukiwa nyutro, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka tano bila haraka, halafu ingiza rivasi.

Ikiingia kimya, klachi inaachia vizuri. Ikikwaruza, shafti ya giaboksi bado inazungushwa na injini. Sasa piga pedeli mara tatu nne haraka haraka na ujaribu tena. Ikiingia baada ya kupiga pampu, una upepo ndani ya mafuta au vipira vilivyochoka, na hilo ni jambo jema kwa sababu dawa yake ni rahisi.

Kuna jaribio la pili la kuongezea. Ingiza gia ya kwanza, injini ikiwa kwenye sailensa, breki ya mkono imeachiwa, mbele hakuna mtu wala ukuta. Shikilia pedeli chini dakika nzima bila kuiachia. Kama gari lilikuwa limetulia halafu likaanza kutambaa lenyewe pole pole, masta inapitisha mafuta kwa ndani. Hutaona tone hata moja chini ya gari, kikopo kitakuwa kimejaa, na bado masta imekufa.

Hatua ya 4: Chini ya dashibodi

Hapa ndipo ninapopenda kukaa muda mrefu, kwa sababu wengi hawapafiki. Pamebana, pana vumbi, na ukitoka shingo inauma.

Sukuma pedeli kwa mkono, siyo kwa mguu. Mguu hauna hisia ya kutosha. Weka kidole cha mkono wa pili kwenye rodi ya masta ili ujue inaanza kusogea lini. Uchezaji mdogo sana, wa milimita chache kwenye pedeli, unatakiwa uwepo: bila huo, pistoni ya masta hairudi mpaka mwisho. Lakini pedeli ikitembea sentimita nzima au zaidi kabla rodi haijashtuka, chomoa pini uitazame kwenye mwanga. Pitisha ukucha juu yake. Pini nzima ni laini kutoka mwanzo hadi mwisho. Iliyoliwa utasikia ngazi. Tazama pia tundu la pedeli, bushi za mhimili wa pedeli kule juu, na kichwa cha rodi chenyewe.

Kisha mwombe mtu akanyage klachi kwa nguvu wakati wewe umefungua boneti na unaitazama masta. Ikiwa masta nzima inainuka na kurudi pamoja na bati, bati limechoka au limepasuka kuzunguka boliti. Mguu wako unakunja bati badala ya kusukuma mafuta.

Hatua ya 5: Masta, slevu na mafuta

Fungua kikopo. Mafuta mazuri ya breki, DOT 3 au DOT 4, yana rangi ya asali nyepesi. Yakiwa meusi kama chai ya rangi, na ukiyasugua kati ya vidole yana punje, vipira vimeanza kuyeyuka ndani. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Zanzibar, kuyaacha miaka mitano bila kubadilisha ni kuialika kutu ndani ya silinda. Mtu yeyote asikudanganye uongeze oili ya injini au ya usukani humo. Vipira huvimba ndani ya siku chache, na utabadilisha kila kitu kuanzia juu mpaka chini.

Tahadhari: mafuta ya breki hula rangi. Weka kitambaa chenye maji karibu, na tone likidondoka kwenye bati lioshe hapo hapo.

Rudi ndani ya kabini na upapase sehemu rodi ya masta inapoingilia. Unyevu hapo, au rangi iliyobanduka juu ya pedeli, ni masta inayovujia ndani. Halafu pandisha gari. Jeki peke yake haitoshi: weka stendi imara na kabari kwenye matairi. Chini, ubavuni mwa giaboksi, itafute slevu. Inua ncha ya kifuniko chake cha mpira kwa bisibisi butu. Kikiwa kikavu na kina vumbi tu, sawa. Yakichuruzika mafuta meusi juu ya kidole chako, kipira kimeisha. Binafsi, gari likiwa limekaa sana, nabadilisha masta, slevu na hosi kwa pamoja. Ukiweka masta mpya yenye nguvu juu ya slevu ya zamani, slevu hufuata kuvuja baada ya muda mfupi. Nimeliona hilo mara nyingi mno kulipuuza.

Hatua ya 6: Pima mwendo wa slevu

Hiki ndicho kipimo ambacho kingemwokoa yule mzee. Unahitaji rula, mtu wa kukanyaga, na mwanga.

Weka alama ya chaki au wino kwenye rodi ya slevu pale inapotokea kwenye kifuniko. Msaidizi akanyage mpaka chini na ashikilie. Pima alama imesogea kiasi gani. Slevu yenye afya kwenye gari hili husukuma foku karibu milimita 13 hadi 15. Ukipata milimita 8 au 9, usiguse giaboksi. Milimita zako zimepotea njiani, kati ya pedeli na slevu. Rudi hatua ya 4 na ya 5.

Ukipata mwendo kamili na rivasi bado inakwaruza, hapo ndipo una haki ya kushuku kilicho ndani: foku iliyopasuka au iliyotoboka pale inapokalia mpira wake wa chuma, kola ya beringi isiyo saizi, klachi pleti iliyopinda, au bushi ya shaba iliyoko mwisho wa krankishafti (shafti kuu ya injini) imekwama na kuishika shafti ya giaboksi.

Jambo moja la kutazama ukiwa hapo chini. Magari ya mwanzo yalikuja na rodi ya slevu yenye nati ya kurekebishia, pamoja na springi ya kurudisha foku. Ya baadaye yana slevu inayojirekebisha yenyewe na hayana springi hiyo. Miaka hamsini ya mafundi wengi imechanganya vipuri. Nimekuta slevu ya kujirekebisha iliyofungiwa springi ya zamani: springi inairudisha foku mbali, na kila unapokanyaga, slevu inatumia nusu ya mwendo wake kuifuata tu. Ukikuta hivyo, toa springi upime tena. Na kama ni aina ya kurekebishwa, acha uchezaji wa karibu milimita 2 kwenye ncha ya foku.

Hatua ya 7: Kutoa upepo

Njia ya kawaida unaijua: mmoja anakanyaga, mwingine anafungua na kufunga skrubu ya slevu, na kikopo hakiachwi kukauka. Kikopo cha gari hili ni kidogo. Kitazame kila baada ya mara tano sita.

Upepo ukikataa kutoka, fanya hivi. Unganisha kipaipu cha plastiki kwenye skrubu, ncha nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta. Fungua skrubu, isukume rodi ya slevu kwa mkono irudi ndani mpaka mwisho, funga skrubu, halafu iache rodi. Rudia mara kadhaa. Unakuwa umekifinya kile chumba cha slevu ambamo upepo hujificha. Hakikisha pia skrubu ya kutolea upepo imekaa juu, siyo chini. Na masta mpya itolewe upepo juu ya meza kabla ya kufungwa kwenye gari, vinginevyo utakanyaga mpaka jua lizame.

Gari lililolala miaka

Hili ni la magari ya kale peke yake. Limefunikwa turubai miaka mitatu, mvua zimepita, unyevu umeingia. Unaliwasha, pedeli ina uzito wa kawaida, slevu inasukuma mwendo wote, lakini hakuna gia inayoingia kabisa. Klachi pleti imeshikwa na kutu kwenye flaiwili, ile sahani nzito iliyofungwa nyuma ya injini.

Usikimbilie kulifumua. Iache injini iwake nyutro mpaka ipate moto kamili, halafu izime. Tafuta uwanja wazi usio na watu. Ingiza gia ya pili, kanyaga klachi mpaka chini, piga starta. Gari litaondoka kwa mtikisiko. Ukiwa bado umekanyaga klachi, gusa mafuta na uachie, gusa na uachie, mguu mwingine uko tayari kwa breki na mkono uko tayari kwenye swichi. Mara nyingi utasikia mlio mfupi wa kitu kuachia, na gari litatulia. Ikigoma baada ya majaribio machache, acha, usije ukavunja kitu kingine. Hapo giaboksi itashuka kweli.

Klachi inayoteleza

Ukiwa barabarani pasipo na magari, kasi ya kilomita 50 au 60 kwa saa, ingiza gia ya nne na ukanyage mafuta mpaka chini. Injini ya 240Z, silinda sita zenye ujazo wa lita 2.4, ina nguvu ya kutosha kuifichua klachi iliyochoka: mizunguko itaruka juu na gari litabaki nyuma. Fanya mara moja tu. Kila jaribio linaichoma pleti, na utaisikia harufu yake.

Lakini kabla ya kusema pleti imeisha, fungua skrubu ya kutolea upepo kwenye slevu, injini ikiwa imezimwa. Mafuta yakiruka kwa presha na foku ikarudi nyuma yenyewe, pleti yako huenda ni nzima. Kuna presha iliyonaswa kwenye paipu, kana kwamba kuna mtu anaegemeza mguu kwenye pedeli muda wote. Sababu ni rodi ya masta iliyorefushwa kupita kiasi, au hosi kuukuu iliyovimba kwa ndani inayoruhusu mafuta kwenda na kuyazuia kurudi. Nimeshawahi kuokoa klachi nzima kwa kufupisha rodi kwa mizunguko miwili ya nati.

Kama hakuna presha, tafuta oili. Chini ya kengele ya giaboksi, yaani ganda la mbele linalofunika klachi, pana mahali pa kuchuruzikia. Chukua tone ulinuse. Oili ya gia ina ile harufu kali ya salfa isiyosahaulika, nayo inatoka kwenye oili sili ya mbele ya giaboksi. Isiyo na harufu hiyo, nyeusi, ni ya injini, kutoka sili ya nyuma ya krankishafti. Ni muhimu kujua kabla ya kushusha, maana ukibadilisha pleti na kuiacha sili inayovuja, utairudia kazi yote.

Kutetemeka na kugonga

Mtetemo wa haraka haraka wakati wa kuondoka huwa ni oili kwenye pleti, flaiwili yenye madoa ya moto, au presha pleti isiyobana sawasawa. Ila tazama mauntingi za injini na ya giaboksi kwanza. Mpira uliokatika huifanya injini nzima iruke.

Kishindo kimoja kizito kutoka nyuma ukiachia klachi, "dugu!", si klachi. Magari haya yanajulikana kwa hilo: maunti ya mbele ya difu huchanika, bushi za ule mkono wa chuma unaoishikilia difu nyuma huisha, na kruseta za propela na za shafti za magurudumu hulegea. Shika propela kwa mkono, izungushe huku na huku, usikilize.

Kelele zinasema nini

Injini kwenye sailensa, gari nyutro. Kelele ipo mguu ukiwa nje ya pedeli na inapotea ukikanyaga: beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi. Hakuna kelele, lakini inaanza pale tu unapougusa mguu kwenye pedeli: rilizi beringi. Inalia pedeli ikiwa chini kabisa na gia imeingizwa: ile bushi ya shaba kwenye krankishafti. Hizo tatu zote ziko ndani, na mlio mdogo wa rilizi beringi unaweza kukuvumilia kwa muda wakati unatafuta vipuri.

Mkono wa gia na gia zenyewe

Mkono unaoyumba kama kijiko ndani ya kikombe kitupu haumaanishi giaboksi imekufa. Chini yake kuna pini na bushi za plastiki ambazo huwa ngumu, zikapasuka, zikabaki vumbi. Unazibadilisha ukiwa ndani ya kabini: toa kitufe, toa kifuniko cha ngozi na mpira wa chini, chomoa pini, inua mkono. Safisha, paka grisi, weka bushi mpya. Kati ya kazi zote za gari hili hakuna inayompa mwenyewe furaha kubwa kwa gharama ndogo kama hiyo.

Gia moja ikilia peke yake wakati nyingine ziko kimya, na jaribio la rivasi limepita, sinkronaiza ya gia hiyo imechoka. Ya pili ndiyo huchoka mapema, kwa sababu ndiyo inayopigwa kwa haraka. Hakikisha kwa kukanyaga mara mbili: kanyaga, toa nyutro, achia, piga resi kidogo kama unashuka gia, kanyaga tena, ingiza. Ikiingia kimya, ni sinkronaiza. Unaweza kuishi nayo kwa kuendesha hivyo miaka.

Kabla ya hukumu hiyo, badilisha oili. Sinkronaiza hizi zinahitaji oili ya daraja la GL-4, uzito wa 75W-90 au 80W-90. Iliyojaa madukani kwetu ni GL-5 kwa ajili ya difu. Inateleza kupita inavyotakiwa kwa sinkronaiza, na baadhi yake ina kemikali zinazokula vyuma vya manjano. Soma kopo lote, usimsikilize muuzaji. Anza kwa kufungua boliti ya kujazia, ndipo ya kumwagia; usije ukamwaga yote halafu ukakuta ya kujazia imekwama. Jaza mpaka ianze kuchuruzika tunduni. Unga laini wa shaba kwenye oili ya zamani ni kawaida ya umri. Vipande unavyoweza kuviokota kwa vidole si kawaida.

Gia inayochomoka ukiachia mafuta, angalia kwanza maunti ya giaboksi na uone kama mkono unagusa kingo za tundu la bati. Baada ya hapo ndipo useme ni springi na gololi za ndani, au meno ya gia yaliyochongeka.

Ikibidi ishuke

Umepima, umehakikisha, sasa ishushe. Usipulize vumbi la klachi kwa kompresa: pleti nyingi za miaka ile zilikuwa na asbestosi, na vumbi lake huharibu mapafu. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, ukitupe.

Ukiwa ndani, badilisha pleti, presha pleti, rilizi beringi, bushi ya shaba na sili zote mbili, flaiwili ichongwe kama ina madoa, na utazame mpira wa chuma unaokaliwa na foku. Kisha ipime kola ya rilizi beringi. Kola za magari ya familia ya Z zina urefu tofauti kulingana na aina ya presha pleti, na zote zinaingia kwenye shafti bila kulalamika. Funga presha pleti kwenye flaiwili kwa nguvu yake kamili, pachika beringi na kola mahali pake, pima kutoka uso wa flaiwili hadi pale kola inapokaliwa na foku. Wenye magari haya hufuata kipimo cha karibu milimita 92. Ikipungua sana, klachi haitaachia hata uweke masta mpya kumi. Usiitupe kola ya zamani mpaka gari litembee.

Panga pleti katikati kwa kifaa chake cha plastiki au shafti ya zamani ya giaboksi. Wakati wa kupandisha, usiiache giaboksi ining'inie kwa uzito wake kwenye pleti hata sekunde moja. Kitovu cha pleti hupinda, na dalili yake ni rivasi inayokwaruza. Tumia jeki ya giaboksi au watu wawili wenye mikono mirefu.

Likishafungwa lote, kabla ya kulishusha kwenye stendi, rudi na rula yako kwenye slevu. Pima mwendo wa rodi, uandike namba na tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa ndani wa boneti. Kilomita 500 za mwanzo liendeshwe mjini, bila kuondoka kwa fujo, halafu pima tena na uiandike namba ya pili chini ya ile ya kwanza.